Mawaridi ya Kuliwa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na kinyaa changu kimeanza nayo. Watu huishukuru mvua. Sisi wenye mabanda matatu ya plastiki yaliyojaa mawaridi tunaishukuru kwa jambo moja tu, kwamba inajaza tangi kutoka mapaani, na baada ya hapo ni balaa tupu. Mvua ni unyevu, unyevu ni ukungu wa kijivu, na ukungu wa kijivu ni mimi kushinda nimeinama nikikata maua yaliyooza kabla ya kufunguka. Ukiligusa ua la namna hiyo linabaki kidoleni kama kamasi. Leo nimejaza ndoo tatu.

Daftari hili ni la kuandikia joto na unyevu wa kila banda. Kurasa za mbele zitafanya kazi hiyo. Za nyuma nimejipa mwenyewe, kwa sababu katika familia hii ukisema neno mezani linajibiwa na watu watatu kabla hujalimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni. Mume na mke wenye duka la maua. Meneja aliwatembeza. Meneja ni kaka yangu. Tangu Baba ampe ufunguo wa ofisi namwita hivyo, naye anadhani ni heshima. Aliwaeleza habari za maji ya mvua, za mboji, na za "jeshi letu dogo", yaani utitiri wangu, wadudu wadogo walao wadudu wenzao. Hao ndio kazi yangu. Nawafuga kwenye majani ya maharage katika chumba kilichokuwa stoo, nawatia kwenye vifuko vya karatasi, natundika kifuko kimoja kila baada ya mashina manne. Wanatoka humo na kumla utitiri mwekundu anayefyonza majani. Ndiyo sababu kila boksi letu limeandikwa kwamba maua haya hayakupuliziwa sumu.

Mwisho wa ziara Baba alifanya mambo yake. Alichuma petali moja kwenye mwaridi mweupe wa mlangoni mwa banda la kwanza, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole huku akiwatazama.

"Ua lisilolika halifai kuwekwa mezani," akasema.

Amesema hivyo miaka thelathini. Nilipokuwa na miaka minne alikuwa akininyanyua juu na kunilisha mimi, na wageni wakipiga makofi. Mama, Mungu amrehemu, alisimama pembeni akitabasamu. Nilijiona malkia. Leo mke wa mwenye duka alipiga makofi vilevile.

Walipoondoka, Meneja alitupa habari. Kuna mama mmoja anayepeleka maua kwenye hoteli kumi na mbili, na anataka ya bila sumu tu. Atakuja tarehe 24 Aprili. Akituchukua, banda la tatu litakuwa langu lote, nilime kwa njia yangu bila kuingiliwa. Nimeomba jambo hilo miaka mitano.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Ndoo saba, nyingi za banda la pili.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Ndoo nane. Nimekula kwa kijiko maana sikutaka vidole vyangu vikaribie mdomo.

Jumatatu, 18 Machi

Ndoo mbili tu! Sielewi, maana mvua haijapungua hata tone. Meneja anasema ni kwa kuwa ameamuru mapazia ya pembeni yafunguliwe asubuhi mapema. Nimempongeza. Niandike hapa kwamba nimempongeza, kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu.

Shangazi hakufurahi. Shangazi ni dada yake Baba, ana miaka sitini na tatu, na ndiye mkuu wa chumba cha kufungia maua. Yeye hapangi maua kwa macho. Anapitisha kidole gumba chini ya kichwa cha ua, pale petali zinaposhikana na kikonyo, na akisikia panateleza hata kidogo analitupa. Kesho yake ukiliokota utakuta ukungu umeota pale pale. Nimefanya kazi hii miaka kumi na jicho langu halijafika kilipo kidole chake.

"Maua ya banda la pili yamekuwa makavu mno," aliniambia. "Yana unga unga."

"Ni mapazia, Shangazi."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Zamani alivaa glavu za mpira. Wakati huo walikuwa wakipulizia maji ya pilipili na sabuni, ndivyo tulivyoambiwa, na pilipili inawasha. Nilipoleta utitiri wangu nilimwambia, vua, Shangazi, sasa hakuna hata pilipili. Alizivua siku hiyo hiyo akazitupa pipani, akacheka kwamba hatimaye atasikia ua linasema nini.

Ijumaa, 22 Machi

Utitiri wangu wa banda la pili wamekufa. Wote. Nimepita na lenzi safu baada ya safu, na kila kifuko kina vumbi la miili. Hata buibui wa juu ya mabomba wamekauka wamekunja miguu. Bila shaka nimewaharibu mimi, majani ya maharage yalikuwa na kitu. Nimeosha chumba chote mara mbili. Nilitapika kidogo kwa sababu ya ule uozo wa majani kwenye mtaro, au kwa hasira, sijui.

Alhamisi, 28 Machi

Mikono ya Shangazi imetoka malengelenge. Ameifunga vitambaa kwenye vidole viwili, vingine ameviacha wazi ili afanye kazi. Meneja amemletea mafuta ya mgando na kumwambia ni utomvu. Shangazi amegusa utomvu wa mawaridi tangu kabla ya Meneja kuota meno, lakini alimshukuru.

Jumanne, 2 Aprili

Leo niliwahi kufika, saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu upepo ulikuwa umefungua kamba ya pazia la banda la pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikapitia pale pazia lilipoachia.

Meneja alikuwa katikati ya safu, bomba mgongoni, barakoa usoni, buti miguuni, akipulizia taratibu kabisa. Alikuwa akipiga mluzi ndani ya barakoa. Nadhani huo mluzi ndio ulionichefua kuliko yote.

"Ni sabuni," alisema aliponiona.

"Sabuni ya kuvalia barakoa?"

Akafunga koki, akavua barakoa. Hakuona aibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoshwa na watoto.

"Ya ukungu na ya wadudu, nimechanganya. Ulikuwa unabeba ndoo nane kwa siku. Ulitaka tumwonyeshe yule mama nini? Makapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tano. Mara mbili kwa wiki."

"Umeua utitiri wangu."

"Utafuga wengine. Wale si wanazaana usiku na mchana?"

"Na Shangazi? Anayashika haya kwa mikono mitupu kutwa nzima."

Nilimwona akitafuta jibu kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.

"Mpe glavu."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie miiba. Dada yangu, sikiliza. Ni mpaka tarehe ishirini na nne. Akishasaini tunaacha, na banda la tatu nakukabidhi siku hiyo hiyo. Usituharibie."

Niliondoka. Niandike ukweli, maana daftari hili halina mgeni wa kupiga makofi: nilipofika nje, kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa mikono ya Shangazi. Lilikuwa banda la tatu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimempelekea Shangazi glavu mpya. Nikasema, za miiba.

"Miiba tumezoeana nayo," alisema. Alizijaribu, akapitisha kidole kwenye ua moja, akazivua. "Hizi zinanifanya kiziwi. Unataka niwapelekee watu maua mabovu?"

Nikasema, basi vaa japo mkono mmoja. Akacheka, akaniambia naanza kufanana na mama yangu kwa wasiwasi. Zile glavu zimewekwa juu ya rafu.

Ningesema neno moja angezivaa. Sikulisema, nikaenda kupima unyevu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilijikaza siku mbili, na kilichonisukuma ni ile petali. Tarehe 24 atasimama mbele ya yule mama na kula, mzee wa miaka sabini na moja mwenye figo mbovu, na mwanawe mwenyewe ameipaka sumu. Nilimkuta ofisini anachonga penseli. Nikafunga mlango, nikasema yote.

Aliendelea kuchonga. Nikadhani hajasikia.

"Baba, usile petali siku hiyo."

"Nitakula."

"Zina sumu, Baba."

"Mimi nakula za ule wa mlangoni," akasema. "Ule haujawahi kupuliziwa. Anajua ndugu yako, hawezi kuugusa."

Nikamwuliza tangu lini ule wa mlangoni haupuliziwi.

"Tangu mwanzo."

"Mwanzo si ilikuwa pilipili na sabuni?"

Akapuliza unga wa penseli mezani, akaniangalia kwa huruma. Huruma hiyo sitaisahau.

"Pilipili haikusomesha watoto wawili, mama. Mvua ilikuwa hii hii, na ukungu huu huu."

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyeuchagua ule mti. Alisema uwe karibu na mlango, wageni wasipate uvivu wa kufika."

Nimekaa chooni nusu saa. Nimekumbuka makofi yote. Nimekumbuka mkono wa Mama ukinifuta mdomo baada ya petali, na jinsi alivyokuwa makini mimi nisicheze ndani ya mabanda mengine, na mimi nikadhani anaogopa nitavunja maua. Ningekuwa na uwezo ningetapika mpaka nifike umri wa miaka minne. Wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yangu yote, na mimi nikaenda kusomea wadudu ili nilinde jambo ambalo halikuwepo.

Kabla sijatoka Baba alisema, "Subiri tarehe ishirini na nne. Halafu fanya utakavyo na banda lako." Kwa hiyo na yeye alikuwa anajua bei yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Ndoo moja. Maua mazuri kuliko mwaka wowote. Siwezi kuyaangalia.

Alhamisi, 11 Aprili

Meneja ameniagiza nitundike vifuko vipya banda la pili ili mgeni avione. Nimetundika. Vitupu.

Jumatatu, 15 Aprili

Asubuhi nilimwamkia Shangazi kama kawaida, "Shikamoo," akaitikia, akanishika kiwiko, maana viganja hashiki navyo tena vizuri. Akanivuta pembeni ya mizani.

"Mwanangu, nikuulize, na unijibu wewe, si wao. Kuna kitu kwenye banda la pili?"

Wanawake wengine wanne walikuwa wakikata vikonyo nyuma yetu. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa.

"Hakuna, Shangazi."

"Mimi nimeuliza tu."

"Hakuna. Nenda kwa daktari wa ngozi, pengine ni mzio."

"Haya."

Akarudi mezani akaendelea. Nilimtazama akishika ua, akipitisha kidole, akikunja uso kidogo, akishika jingine. Mdomo wangu ulikuwa mchungu mpaka jioni.

Ijumaa, 19 Aprili

Meneja amenunua suruali mpya kwa ajili ya mgeni.

Jumatano, 24 Aprili

Amekuja. Nilitarajia mtu wa kujisikia, nikaona mwanamke mfupi wa makamo mwenye viatu vya kazi, anayeuliza maswali ya maana na kusubiri jibu. Nilimpenda, na hilo lilizidisha ubaya. Alitaka kuona chumba cha wadudu kabla ya kitu kingine. Nilimpa lenzi, akaangalia utitiri wakitembea kwenye jani, akacheka kama mtoto.

"Hawa ndio siri yenu?"

"Hawa," nikasema.

Baba alikuwa mlangoni mwa banda la kwanza, kofia mkononi. Petali, mdomo, kutafuna, ua lisilolika halifai kuwekwa mezani. Yule mama hakupiga makofi. Aliomba na yeye. Baba akamchumia ya pili kutoka ule ule mti, mgeni akaila, akasema ina ladha ya chai. Meneja akaangua kicheko kirefu kisicho na sababu.

Tukaingia banda la pili. Sifa zikamtoka. Kwa kweli yalikuwa yamependeza, mekundu, yamesimama wima, hakuna doa. Shangazi alikuwa mwisho wa safu na ndoo ya maji, anapokea maua ya asubuhi. Yule mama akasimama mbele ya ua moja lililofunguka, akalinusa, akasema, "Na mekundu yana ladha gani?" Akachuma petali mbili kwa pamoja.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Baba alikuwa hatua nne. Meneja alikuwa begani kwa mgeni kabisa. Niliona Baba akiangalia kofia yake. Mimi nilifungua mdomo, naapa nilifungua, na kilichotoka ni "Hayo huwa machungu kidogo."

"Machungu napenda," akasema.

Shangazi aliiangusha ndoo. Alikuja kwa mwendo wa haraka, maji yakitapakaa kwenye sketi yake, akampiga yule mama kofi mkononi, pap, petali zikaanguka.

"Usile hiyo, mama. Ina dawa."

Akanyanyua mikono yake na kuifungua vitambaa, mmoja kisha mwingine. Sikuwa nimeiona bila vitambaa kwa zaidi ya wiki. Ngozi ya viganja imebambuka, na ncha za vidole ni nyekundu, laini, zinang'aa, hazina hata mistari.

"Mikono hii ndiyo inayofunga maua haya," alisema. "Nani atakuambia ukweli kuliko hii?"

Yule mama aliangalia mikono. Akamwangalia Baba, akamwangalia Meneja, akaniangalia mimi, na macho yake yakakaa kwangu muda mrefu.

Meneja alicheka. Alisema, "Samahani, huyu ni shangazi yetu, umri umemwelemea, siku hizi anachanganya mambo." Na Baba, ndugu wa tumbo moja, hakusema neno.

Alhamisi, 25 Aprili

Kikao cha familia ofisini, watu watatu na kiti kimoja kitupu. Yule mama amepiga simu. Amesema hakusaini wala hakukataa. Anataka barua kutoka kwa "yule wa wadudu", aeleze kama Shangazi anachanganya mambo au la. Maneno yangu atayaamini.

Meneja alikuwa ameshaitunga. Anataka niseme Shangazi anaumwa, ana mzio wa utomvu, na akili imeanza kumtoka. Alisoma mstari huo bila kukwama.

"Dada yangu atanielewa," Baba akasema. "Tutamtunza. Tutampa kila kitu."

Nikamwuliza Meneja kama haoni kinyaa. Akaniuliza mimi kama niliona kinyaa nilipokuwa natundika vifuko vitupu. Kwa mara ya kwanza msimu huu alisema kitu cha kweli.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeiandika barua. Imetoka vizuri, kwa ufasaha, ina hata neno "kwa masikitiko". Nimeisoma mara tatu, nikaona jinsi nilivyo binti wa wazazi wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimempigia simu yule mama badala ya kutuma barua. Nilikuwa nimesimama ndani ya banda la pili, mvua inapiga plastiki, ikabidi niseme kwa sauti kubwa. Nikasema, Shangazi ana akili timamu kuliko sisi sote. Nikampa tarehe za kupulizia, moja moja.

"Na wewe ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu tarehe mbili."

Akasema asante, akakata.

Baba hajanijibu salamu mchana. Meneja amepiga teke mlango wa chumba changu cha wadudu, na banda la tatu, amesema, nilitoe akilini. Nimesema sawa. Nilijihisi mwepesi, nikaoga, nikavaa nguo safi. Kesho nitakwenda kwa Shangazi nimwambie mwenyewe.

Jumapili, 28 Aprili

Anakaa nyuma ya ghala la mbolea, vyumba viwili. Nilimkuta amekaa kitandani, mlango wazi, gauni lake la kutokea limevaliwa lakini halijafungwa mgongoni. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nikadhani hajasikia kwa sababu ya mvua kwenye bati, nikamwamkia tena.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, simu, tarehe, barua ambayo sikuituma. Nikamwambia nimewakana wote wawili kwa ajili yake. Kusema kweli nilikuwa nangoja aninyooshee mikono.

"Ulijua tarehe mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Baba yako sikumwamini tangu utoto wetu, alikuwa akiiba sukari na kupigwa mimi. Mwanawe ni yeye mtupu. Hao sina la kuwadai." Alikuwa akiongea polepole, bila hasira. "Lakini wewe ulikuja kila asubuhi. Wiki tatu. Kila asubuhi uliniamkia, nami nikakuitikia."

Nilimwomba msamaha, nikalisikia lile neno lilivyo dogo.

Akageuka, akanipa mgongo. Vifungo vilikuwa saba, vidogo, vya kitambaa.

"Naenda hospitali na vidole havishiki," akasema. "Nifunge, kisha uende zako."

Nikamfunga, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Kisha nikaenda zangu.